Mbona mji huu wa Marekani ulisema Kifaransa? Jibu kwa mama wa Lewiston

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu ni Uvira, na sasa tunaishi Lewiston, jimbo la Maine. Nyumba yetu iko karibu na mfereji na yale majengo makubwa ya matofali mekundu. Siku moja nilikuwa nikimkemea mwanangu kwa Kifaransa, bibi mmoja mzungu akanijibu kwa Kifaransa, ila Kifaransa chake kilikuwa cha ajabu kwangu. Akaniambia kwamba zamani mji huu wote ulisema hivyo. Mjukuu wake alikuwa kando, hajui neno hata moja. Ilikuwaje mji wa Marekani uwe wa Kifaransa, na kilikwenda wapi? Nauliza kwa sababu nina hofu na Kiswahili cha wanangu.

JIBU: Mama, bibi huyo amekuambia kweli tupu, na ningependa nianze na ulimi wake kabla ya kuingia kwenye majengo. Kifaransa chake hakina ubovu wowote. Ni Kifaransa cha Quebec, upande wa Kanada, na mababu wa watu wa Quebec waliondoka Ufaransa katika karne ya 17, kabla lugha ya Paris haijakaa kama wewe ulivyoisoma shuleni. Ukimsikiliza vizuri utasikia anasema «moé» na «toé» pale unaposema «moi» na «toi». Matamshi hayo yalikuwa ya kawaida kabisa Paris kabla ya Mapinduzi ya 1789, hata miongoni mwa wakubwa. Atasema «icitte» badala ya «ici», na gari ataliita «char». Wewe umepokea Kifaransa kwa Mbelgiji na kwa mwalimu wa shule, yeye amekipokea kwa bibi yake aliyekipokea kwa bibi yake, miaka mia tatu na zaidi. Ndiyo maana mmeelewana na bado mkashangaana.

Sasa mto. Androscoggin unatoka milima ya New Hampshire, na hapo Lewiston unaanguka kwenye miamba kwa kimo cha zaidi ya mita kumi. Wenyeji wa mto huo ni Waabenaki. Hata jina la mto limetokana na lugha yao. Wao walikuja pale kwa ajili ya samaki. Walowezi wa Kiingereza walipofika mnamo 1770 waliona kitu kingine: nguvu ya kusagia nafaka na kupasulia mbao. Kwa miaka themanini mji ulibaki hivyo, mashamba na vinu vidogo vya mbao, watu wasiofika elfu nne mwaka 1850.

Kisha wakaja wenye fedha wa Boston. Walikuwa wamekwisha kujaza mto Merrimack kwa viwanda vya nguo, wakawa wanatafuta maporomoko mengine. Aliyetia fedha nyingi zaidi Lewiston ni Benjamin Bates, ambaye jina lake umelisoma kwenye majengo na kwenye chuo. Kampuni yake iliundwa mwaka 1850 na kiwanda cha kwanza kikaanza kazi 1852. Baadaye vikafuata Hill, Androscoggin, Continental na vingine.

Mfereji unaopita karibu nawe ndio ulikuwa roho ya yote haya, kwa hiyo nitakaa nao kidogo. Maji yalichukuliwa mtoni juu ya maporomoko, yakaongozwa kwenye mfereji mkuu sambamba na barabara inayoitwa hadi leo Canal Street. Viwanda vilijengwa kati ya mfereji wa juu na mfereji wa chini. Maji yaliingia kiwandani kutoka juu, yakaanguka kwenye mitambo iliyofichwa chini ya jengo, yakaizungusha, yakatokea mfereji wa chini na mwishowe yakarudi mtoni. Ile nguvu ya mzunguko ilipandishwa ghorofani kwa mikanda mirefu ya ngozi na vyuma vya kuzunguka vilivyopita darini, na kila mashine ikavutwa na mkanda wake. Hii ndiyo sababu ya viwanda vile kuwa virefu, vyembamba na vya ghorofa nyingi, vimejipanga ukingoni mwa maji kama mitumbwi iliyofungwa bandarini. Madirisha ni mengi na makubwa kwa sababu mfumaji alihitaji mwanga wa kuona uzi uliokatika.

Waliochimba mifereji hiyo kwa sururu na koleo ni Waayarishi, watu waliokimbia njaa kuu ya viazi kwao. Waliishi kwenye vibanda, wakadharauliwa kwa umaskini wao na kwa dini yao ya Kikatoliki. Ndani ya viwanda, wafanyakazi wa kwanza walikuwa wasichana wa mashambani wa Maine, waliolazwa kwenye mabweni ya kampuni na kuamshwa kwa kengele.

Na pamba ilitoka wapi? Kusini mwa Marekani, mikononi mwa watumwa. Sitaki jambo hili lipite juu juu, maana chuo cha Bates kilianzishwa mwaka 1855 na watu wa dini waliopinga utumwa waziwazi, na fedha zilizokikuza zilitokana na pamba ya watumwa. Yote mawili ni kweli, katika mji mmoja, miaka ileile.

Kuna uzi mwingine hapa unaotugusa sisi watu wa Kiswahili. Unalijua neno merikani, ule mgolole mweupe usiopaushwa ambao wazee walivaa na kuzikiwa? Jina linasema lilikotoka. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipeleka Zanzibar shehena za kitambaa hicho kilichofumwa katika viwanda vya aina hii vya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, Maine ikiwamo. Marekani ilitiliana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi wake mdogo akafika Zanzibar 1837. Merikani iligeuka kuwa fedha ya misafara: kwa kitambaa hicho zilinunuliwa pembe za ndovu, na kwa kitambaa hicho walinunuliwa watu, hadi kwenu kando ya ziwa Tanganyika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyokata pamba na kuwaachia Waingereza na Wahindi soko hilo. Weka uzi huu mkononi, mama, nitaurudia chini.

Baada ya vita hivyo viwanda vilikuwa na njaa ya watu, na Quebec ilikuwa na watu wenye njaa. Mashamba ya huko yaligawanywa kwa watoto, na watoto wa watoto, mpaka mtu akabaki na kipande kisichomlisha. Madeni yalizidi. Kati ya 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 waliondoka Quebec kwenda Marekani, wengi wao kwenye miji ya viwanda kama Lowell, Manchester, Woonsocket, Biddeford na Lewiston. Kwanza walikuja kwa mikokoteni na kwa treni ya kubadilisha njiani. Mwaka 1874 tawi la reli lilifika katikati ya mji likiunganishwa na njia ya Grand Trunk iliyotoka Montreal. Stesheni hiyo ndogo ya matofali bado ipo Lincoln Street. Mtu alipanda treni kwao asubuhi, akashuka pale na masanduku na watoto wake, akakuta shemeji anamngoja. Idadi ya watu wa mji ilipita 19,000 mwaka 1880.

Walifikia ng'ambo tu ya stesheni, kati ya mfereji na mto, mahali palipoitwa Petit Canada, yaani Kanada Ndogo. Yalijengwa magorofa ya mbao yaliyobanana hadi jirani akinyoosha mkono dirishani anakupa chumvi. Familia nzima iliingia kazini. Baba, dada wakubwa, na watoto ambao leo wangekuwa darasani. Mama alibaki na wadogo, tena mara nyingi na wapangaji. Walikwenda, kwa maneno yao, kwenye «les moulins», vinuni, wengine «à la shop», yaani kwenye karakana za viatu ng'ambo ya mto, Auburn. Unaona jinsi neno la Kiingereza lilivyoingia mapema? Lilifuata kazi. Ndivyo tunavyofanya sisi pia, na lugha haifi kwa kukopa.

Kazi yenyewe iliumiza mwili. Chumba cha kufumia kilitunzwa kiwe na joto na unyevu ili nyuzi zisikatike, kwa hiyo watu walitoka jasho humo wakati nje theluji imefika magotini. Mitambo mamia ilipiga kelele kwa pamoja, na wafumaji wakajifunza kusomana midomo. Vumbi la pamba lilielea hewani na kuingia mapafuni. Ukimwona mzee wa Lewiston anazungumza kwa sauti ya juu na kukutazama mdomo badala ya macho, huenda unaona alama ya chumba hicho.

Sasa nafika kwenye kiini cha swali lako. Lugha yao ilidumu karibu miaka mia moja katikati ya nchi ya Kiingereza. Hakuna serikali iliyowasaidia. Kilichowashika ni vyombo walivyovijenga wenyewe, kwa senti za ujira wa kiwandani. Parokia yao ya kwanza ya Kifaransa, Saint-Pierre, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1870. Mwaka 1872 waliunda Institut Jacques-Cartier, ambacho sisi tungekiita chama cha kufa na kuzikana: ulilipa mchango kidogo kidogo, ukiugua ulisaidiwa, ukifa mjane wako hakuachwa peke yake. Masista kutoka Saint-Hyacinthe walifika 1878 kufundisha na kuuguza, na mwaka 1888 wakafungua hospitali, ndiyo St. Mary's ya leo. Mwaka 1880 likatoka gazeti, Le Messager, lililoendelea hadi miaka ya 1960. Wapadri Wadominiko walishika parokia kuanzia 1881. Ukapita hapo dukani, kwa daktari, kwa fundi viatu, kwa mpiga picha, wote walikuwa wa Kifaransa. Mtu aliweza kuzaliwa, kusoma, kufanya kazi, kuoa, kuugua na kuzikwa Lewiston bila kuhitaji Kiingereza zaidi ya maneno ya msimamizi wa kiwanda.

Kanisa kubwa la minara miwili unaloliona mlimani, la Watakatifu Petro na Paulo, linaeleza subira yao vizuri kuliko mimi. Sehemu ya chini ilianza kutumika mwaka 1906. Fedha zikaisha. Watu walisali miaka karibu thelathini kwenye kanisa lisilo na juu, wakiendelea kutoa, na kanisa la juu likawekwa wakfu 1938, wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Mwaka 2004 likapewa hadhi ya basilika.

Walikuwa na msemo: anayepoteza lugha yake hupoteza imani yake. Ndiyo maana waligombana kwa uchungu hata na maaskofu wa Kanisa lao wenyewe, waliokuwa wa asili ya Kiayarishi na waliotaka Wakatoliki wote wawe Waamerika wa Kiingereza. Kwenye shule za parokia siku iligawanywa: nusu kwa Kifaransa, nusu kwa Kiingereza. Mtoto alijua katekisimu, historia ya Kanada na sarufi ya Kifaransa, na mchana akahesabu kwa Kiingereza. Kwa maoni yangu ule ulikuwa mpango wa busara kuliko mingi iliyobuniwa baadaye na wataalamu.

Hawakuishi kwa huzuni tu, usije ukawaona hivyo. Mwaka 1924 mwandishi wa Le Messager, Louis-Philippe Gagné, alianzisha Le Montagnard, klabu ya kutembea thelujini kwa viatu vile vipana vya kusukwa, yenye sare, ngoma na maandamano ya usiku. Baadaye akawa meya. Na ule ukumbi wa mchezo wa barafu uliotokana na shule yao ya St. Dominic ndio ulioingia historia ya dunia tarehe 25 Mei 1965, pale bondia Muhammad Ali alipomwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza mbele ya watazamaji 2,434 tu. Ile picha ya Ali amesimama juu ya Liston akimkaripia, ambayo pengine umeiona ukutani kwa kinyozi Uvira au Bujumbura, ilipigwa hapo, kwenye mji wako.

Kifaransa kilikwenda wapi basi? Watu wengi watakujibu kwa sheria. Ni kweli: mwaka 1919 bunge la Maine lilipitisha sheria kwamba masomo ya kawaida shuleni yafundishwe kwa Kiingereza peke yake, na ilibaki vitabuni hadi miaka ya 1960. Ni kweli pia kwamba miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kile chama cha wazungu wabaguzi, ilipata maelfu ya wafuasi Maine, na chuki yake huko ililenga hasa Wakatoliki na watu wa Kifaransa. Gavana aliyechaguliwa 1924, Ralph Owen Brewster, aliungwa mkono nao. Kwenye shule za serikali watoto waliadhibiwa kwa kusema Kifaransa uwanjani. Wewe na mimi tunaijua adhabu ya namna hiyo. Kuna Waswahili wengi waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yao shuleni.

Lakini nikitazama miaka yenyewe, sheria haitoshi. Lewiston iliendelea kusema Kifaransa miaka thelathini, arobaini baada ya 1919. Shule za parokia ziliendelea na nusu yao. Sheria ilichofanya ni kupanda aibu, na aibu ilichukua muda kukomaa. Vijana walirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakiwa wamezoea Kiingereza jeshini. Waliambiwa lafudhi yao ni ya wajinga. Hata waliokwenda kusoma Kifaransa chuoni waliambiwa na maprofesa kwamba Kifaransa cha nyumbani kwao si Kifaransa. Fikiri mtu anachekwa na jirani wa Kiingereza kwa kusema Kifaransa, kisha anachekwa na mwalimu wa Kifaransa kwa kukisema vibaya. Akaamua: wanangu hawatapita hapa. Mume na mke wakabaki wanasemezana Kifaransa wenyewe kwa wenyewe, na mtoto wakimgeukia kwa Kiingereza. Hapo ndipo kilipokatika, mezani, kati ya sahani na sahani, katika miaka ya 1950 na 1960.

Wakati huohuo vile vyombo vilivyoishikilia lugha vilianza kufungwa. Miaka ya mwanzo ya 1950 Bates ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi na ilisifika nchi nzima kwa matandiko ya vitanda. Kisha kazi ya nguo ikahamia kusini mwa Marekani, kwenye ujira mdogo, na baadaye ng'ambo kabisa. Karakana za viatu zikafuata. Gazeti likafa. Shule za parokia zikafungwa au zikageuka za Kiingereza. Kanisa la St. Mary's, lililokuwa la watu wa Petit Canada, lilifungwa mwaka 2000, na sasa ni ukumbi wa utamaduni uitwao Franco Center. Mjukuu asiyejua kusema Kifaransa bado anaweza kumwita bibi yake «mémère» na kula tourtière, ile pai ya nyama, usiku wa Krismasi. Hayo ndiyo yaliyobaki nyumba nyingi.

Mto nao ulikuwa umekufa. Viwanda vya karatasi vya juu, Berlin, Rumford na Jay, vilimwaga kemikali zake humo mpaka wakati wa kiangazi watu wa Lewiston walifunga madirisha kwa harufu. Edmund Muskie, mtoto wa fundi cherehani wa Rumford aliyesoma chuo cha Bates, alikulia kando ya mto huo, na akiwa seneta ndiye aliyesukuma sheria ya maji safi ya Marekani ya mwaka 1972. Leo wanao wanaweza kuona watu wakivua pale.

Bates ilizima mashine zake mwaka 2001. Mwaka huohuo, kuanzia Februari, familia za Wasomali zilianza kuhamia Lewiston kutoka Portland na kutoka Georgia, zikitafuta nyumba za bei nafuu na mahali salama pa kulelea watoto. Nyumba zilikuwa tupu kwa sababu viwanda vilikuwa vitupu. Magorofa yaleyale ya mbao, ngazi zilezile. Oktoba 2002, Wasomali wakiwa kama elfu moja, meya aliwaandikia barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuja. Jina lake, Laurier Raymond, lilikuwa la Kifaransa, na jambo hilo liliwaumiza wazee wengi wa Kifaransa waliokumbuka yale waliyoambiwa mama zao: mnajaza nyumba, mna watoto wengi, dini yenu si ya hapa, hamtaki Kiingereza. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi wa rangi kilikuja kufanya mkutano. Walihudhuria watu kama thelathini. Siku hiyohiyo zaidi ya watu elfu nne walijaa chuoni Bates kuwaunga mkono Wasomali.

Kisha, kuanzia mwaka 2005 hivi, wakaja watu wengine kutoka Somalia ambao huenda umewasikia sokoni ukadhani masikio yako yanakudanganya. Wanaitwa Wabantu wa Kisomali, na baadhi yao husema Kizigula, lugha iliyo jamaa ya Kiswahili. Mababu zao ni Wazigua wa Tanga, upande wa Handeni, waliotolewa pwani katika njaa na biashara ya utumwa ya miaka ya 1830 na kupelekwa Benadir, pwani ya Somalia. Mapokeo yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza waliotoroka hadi mto Juba, wakalima humo kwa vizazi vingi na kushika lugha yao. Vita vya 1991 vikawatoa, wakaishi kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, ambako wengi walijifunza Kiswahili, na Marekani ikaanza kuwapokea miaka ya 2003 na 2004.

Sasa rudisha ule uzi. Katika miaka ileile ya 1830 kitambaa cha New England kilikuwa kikishushwa Zanzibar na kuingia katika biashara iliyowang'oa Wazigua. Vitukuu wao wanaishi leo chini ya kuta za viwanda vya New England na wanalima mahindi nje kidogo ya Lewiston, kwenye shamba la pamoja walilolipa jina la Liberation Farms, shamba la ukombozi. Nimefundisha historia ya pamba muda mrefu, na hakuna mahali pengine ninapojua ambapo duara hili linafungika namna hii.

Hata Kiswahili chako kimekwisha kutajwa katika historia ya mji. Mwaka 2015 timu ya mpira ya shule ya sekondari ya Lewiston ilichukua ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza, bila kupoteza mechi hata moja. Wachezaji wake wengi walikuwa watoto waliopitia kambi za Kenya. Kabla ya mechi walikumbatiana duara na kupaza sauti: «Pamoja ndugu!» Maneno hayo yaliandikwa magazetini, na wazungu wa mji wakajifunza kuyatamka.

Ninyi wa Kongo, Burundi, Rwanda, Angola na Djibuti mmekuja mwisho, na mmeleta kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: Kifaransa kimerudi madukani. Wazee waliokaa miaka mingi bila mtu wa kusemezana naye sasa wanasimamishwa njiani na kijana wa Kinshasa. Hii ndiyo maana bibi yule alikujibu.

Kuhusu Kiswahili cha wanao nitakwambia ninachokiona, nawe utapima. Watu wa Petit Canada hawakupoteza lugha kwa sababu watoto walijifunza Kiingereza. Watoto wao walijua vyote viwili kwa vizazi viwili au vitatu. Waliipoteza pale wazazi walipoamini kwamba kumsemesha mtoto Kifaransa ni kumzibia njia. Kwa hiyo mwanao akikujibu kwa Kiingereza, usishtuke na usimkemee. Endelea wewe na Kiswahili, chakula kikiwa mezani, na Kifaransa ukitaka. Jambo la pili ni kwamba nyumba peke yake haikutosha hata kwao. Walihitaji darasa la kusoma na kuandika, kwaya, chama, gazeti, mahali ambapo lugha inafanya kazi ya maana nje ya jikoni. Kama kanisani kwenu kuna kwaya ya Kiswahili, watoto wawe humo. Kama wapo wazazi watano, mnaweza kuanza darasa la Jumamosi. Institut Jacques-Cartier nayo ilianza kwa watu wachache waliochangishana. Jambo la tatu ni lafudhi. Kiswahili cha Uvira wasikubali kuambiwa na mtu wa Dar es Salaam au Mombasa kwamba si Kiswahili. Umeona kicheko cha namna hiyo kilivyowafanyia watu wa Quebec.

Na siku ya mapumziko wachukue wanao mwendo mfupi kwa miguu. Anzieni stesheni ya zamani ya Lincoln Street, mpite Petit Canada hadi Franco Center, ambako wazee hukutana kwa chakula cha mchana kinachoitwa La Rencontre na watu huongea Kifaransa mezani. Kisha fuateni mfereji hadi Bates, na mwende hadi maporomokoni, hasa majira ya kuchipua theluji inapoyeyuka na maji yanapojaa.

Ukikutana tena na yule bibi, muulize yeye au mama yake alifanya kazi chumba gani: cha kusokota, cha kufuma, au cha viatu. Mwache ajibu kwa maneno yake, na mjukuu wake akiwepo, mwombe huyo mtoto akae asikilize.